Barakoa za N95 ni chache na madirisha yanafungwa kwa baridi: tujikinge vipi na kifua kikuu kazini?

Muuguzi wa Milimani

Ndugu zangu wa sekta ya afya, salaam. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kilichopo ukanda wa juu kati ya Mbeya na Njombe, mahali ambapo kuanzia Mei hadi Agosti asubuhi huanza na ukungu, na kila mgonjwa aingiaye huvuta mlango nyuma yake kwa ajili ya baridi. Tunahudumia watu wanaoanza dawa za kifua kikuu, wapo wanaokuja kuchukua dawa za kuendelea, na mara chache tunamlaza mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayesubiri rufaa. Barakoa za N95 tunazoletewa hazitoshi, hivyo kila mmoja wetu hukabidhiwa moja na kuambiwa aitunze, bila maelezo ya namna ya kuitunza wala muda wa kuitumia.

Naomba mnisaidie. Barakoa moja naweza kuivaa hadi lini, na je, inafaa kufuliwa au kupulizwa spiriti? Zikiisha, naweza kuvaa barakoa mbili za upasuaji moja juu ya nyingine? Tabibu ninayefanya naye kazi ana ndevu nyingi na anasisitiza kwamba N95 inamkaa vizuri, nimjibu nini? Tena kuna suala la madirisha. Nikiyafungua, wazee na akina mama wenye watoto wananung'unika, na nikigeuka nakuta yamefungwa tena, wakati mwingine na jiko la mkaa limeshaingizwa ndani.

Mdhibiti Maambukizi, Mbeya

Sista, pole na kazi. Nianze na suala la kufua, kwa sababu hapo ndipo barakoa nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema kabisa. Tabaka la ndani la N95 ni nyuzi nyembamba sana za polipropilini zilizotiwa umeme tuli kiwandani, na umeme huo ndio unaozivuta chembe ndogo ambazo vinginevyo zingepita katikati ya nyuzi. Spiriti huuondoa umeme huo, sabuni na maji huudhoofisha, na klorini huacha harufu utakayoivuta kifuani zamu nzima. Kibaya zaidi ni kwamba barakoa iliyofuliwa huonekana safi na umbo lake husimama vilevile, ilhali uwezo wake wa kuchuja umeshuka bila dalili yoyote ya nje. Kwa hiyo usiifue, usiipulize dawa, wala usiianike juani.

Namba 95 ina maana kwamba katika kipimo cha maabara chujio hukamata angalau asilimia 95 ya chembe zenye ukubwa wa takriban mikroni 0.3, ambazo ndizo ngumu kuliko zote kunaswa, kwa kuwa zilizo kubwa zaidi huzigonga nyuzi kwa uzito wake na zilizo ndogo zaidi hutangatanga hewani mpaka zizifikie. Vitone vikavu vinavyobeba bakteria wa kifua kikuu huwa na mikroni 1 hadi 5, hivyo chujio lenyewe halishindwi navyo. Tatizo lipo pembeni. Ukivuta pumzi, hewa hupita pale inapopata upenyo, na ikiwa kuna nafasi kando ya pua au chini ya kidevu itaingilia hapo bila kulipitia chujio hata kidogo.

Hiyo ndiyo sababu barakoa za upasuaji, ziwe mbili au tatu, hazichukui nafasi ya N95 kwa mhudumu, kwani zote zinaacha pembeni wazi. Kazi yake ni nyingine, nayo ni kubwa: avae mgonjwa. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Afrika Kusini, ambamo hewa kutoka wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu ilipelekwa kwa simbilisi, wale wale wanaofugwa majumbani huku kwetu Iringa na Njombe. Siku ambazo wagonjwa walivaa barakoa za upasuaji, maambukizi kwa wanyama hao yalipungua kwa asilimia 56. Basi barakoa ya upasuaji mpe anayekohoa, na N95 ivaliwe na anayemhudumia. Nimewahi kuona mambo yakifanywa kinyume, mgonjwa amefungwa N95 na kuhema kwa shida huku muuguzi akiwa na barakoa nyepesi iliyoshuka chini ya pua.

Kuhusu muda wa kuitumia, kifua kikuu hakienezwi kwa kushika vitu, kwa hiyo mhudumu yule yule anaweza kuirudia barakoa yake mwenyewe maadamu ni kavu, haijachafuka, haijapinda, na mikanda bado inabana. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilishauri kwamba, pale ambapo mtengenezaji hakutoa maelekezo, isivaliwe zaidi ya mara 5, kwa sababu kila inapovaliwa mikanda hulegea na utepe wa puani huchoka. Angalia kwamba kinachohesabiwa ni mara za kuvaa. Anayeivaa mara moja na kuwahudumia wagonjwa wote wa kifua kikuu mfululizo ametumia moja; anayeivua baada ya kila mgonjwa ataimaliza kabla ya chai ya saa nne. Ndiyo maana wagonjwa hao ni vema wapangiwe muda mmoja. Ukimaliza, iweke kwenye bahasha ya kaki yenye jina lako, si kwenye plastiki inayotunza unyevu. Bahasha hizo zipo hata kwa mangi. Ikirukiwa na damu au kohozi, au ukiwa umemhudumia mtu mwenye ugonjwa unaoenezwa pia kwa kugusana, itupe hata kama ni mpya.

Mzee wa Wodi

Wanangu, nimestaafu baada ya kuzunguka hospitali nyingi za nyanda hizi, na nimesoma maelezo hayo kwa makini, lakini nina mashaka na namna mnavyoipa barakoa uzito wa kwanza. Sisi tuliwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu bila N95, tulikuwa na madirisha marefu na vitanda vya barazani, na wengi wetu tupo hai. Mgonjwa wa kijijini akimwona muuguzi amefunika nusu ya uso na macho yanamkwepa, anaelewa kwamba ameogopwa. Anarudi nyumbani, na safari ijayo anakwenda kwa mganga wa kienyeji.

Kisha kuna jambo linalonisumbua zaidi. Mnaivaa N95 mnapoingia chumba cha kifua kikuu, ambako yupo mtu aliyekwisha kupimwa na kuanza dawa, halafu mnaivua mnapoketi katika idara ya wagonjwa wa nje, ambako mtu anayekohoa kwa wiki ya tatu amebanana kwenye benchi na akina mama waliopeleka watoto kupimwa uzito. Hatari kubwa ni ipi kati ya hizo mbili?

Mdhibiti Maambukizi, Mbeya

Shikamoo mzee. Kuhusu benchi uko sahihi kabisa, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linaanza hapo hapo: kuwatambua wanaokohoa mapema, kuwatenga na wengine, na kuwaanzishia dawa zinazofaa bila kuchelewa, kisha hewa ya majengo, barakoa za wahudumu hufuata baada ya hayo. Mgonjwa aliyegunduliwa na kupewa dawa zinazomuua bakteria wake hupungua uambukizaji haraka. Asiyejulikana bado, au aliyepewa dawa zisizomfaa kwa kuwa bakteria wake ni sugu, ndiye anayeijaza hewa. Kwa hiyo sista, kabla ya kuongeza hata barakoa moja, mweke mtu mlangoni asubuhi, awe hata mhudumu wa afya ngazi ya jamii, amuulize kila aingiaye kama anakohoa, ampe barakoa ya upasuaji, amtoe kwenye foleni ya pamoja na kumhudumia kwanza. Kupewa nafasi ya kwanza huondoa manung'uniko mengi kuliko maelezo.

Ninapotofautiana nawe, mzee wangu, ni kwenye hoja ya kwamba wengi mpo hai. Kati ya watu walioambukizwa kifua kikuu, ni asilimia 5 hadi 10 tu ambao huugua katika maisha yao, na baadhi yao huugua miaka mingi baadaye, wakiwa wamehamia kituo kingine au wamestaafu. Hivyo ukitazama nani anakohoa wodini mwezi huu, huwezi kujua nani aliambukizwa humo. Hali hubadilika zaidi pale ambapo virusi vya Ukimwi vipo vingi, kama ilivyo katika mikoa yetu hii na hasa Njombe. Huko Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, taarifa iliyochapishwa mwaka 2006 ilionyesha wagonjwa 53 wa kifua kikuu kilichoshindikana kwa karibu dawa zote za wakati ule. 52 kati yao walifariki, na wahudumu wa afya walikuwamo miongoni mwa wagonjwa hao.

Kuhusu mgonjwa kujiona ameogopwa, hoja hiyo ni ya kweli na nadhani tiba yake ni kuzungumza. Umsalimie kabla ya kuvaa, ukiwa mlangoni, umweleze kwamba utaivaa kwa kila anayekohoa, awe mwalimu au mkulima.

Fundi Majengo, Iringa

Samahani kwa kuingilia, mimi si mtu wa afya, ila nimefanya ukarabati wa vituo kadhaa na suala la madirisha linanihusu. Kwa chumba chenye matundu mawili yanayotazamana ipo hesabu rahisi: chukua kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa eneo la tundu lililo dogo zaidi kwa mita za mraba, zidisha kwa 0.65, zidisha kwa 3,600, kisha gawanya kwa ujazo wa chumba. Jibu ni idadi ya mara ambazo hewa hubadilika kwa saa. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 60. Tundu dogo likiwa na nusu mita ya mraba, upepo wa mita 1 kwa sekunde utabadilisha hewa zaidi ya mara 19 kwa saa. Upepo ukishuka hadi mita 0.2, zinabaki kama mara 4. Chumba cha kumtenga mgonjwa wa magonjwa ya hewa hutakiwa kufikia mara 12, na kwa kiwango hicho asilimia 99 ya chembe zilizobaki hewani baada ya mgonjwa kutoka huondoka kwa dakika 23. Hewa ikibadilika mara 2 tu, kama inavyoweza kuwa mlango na madirisha yakifungwa, inahitajika dakika 138. Fikiria ni wagonjwa wangapi wengine wameshaingia chumbani humo ndani ya muda huo.

Watu hawapendi kusikia hili, lakini madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo siku hizi kila ukarabati unayataka kwa ajili ya mwonekano, hufunguka nusu tu ya upana wake hata ukiyafungua mpaka mwisho. Ukiongeza wavu wa mbu wenye vumbi la msimu mzima, hewa ipitayo ni ndogo mno. Dirisha la zamani la bawaba hufunguka lote. Utafiti uliofanywa Lima nchini Peru na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba vyumba vya hospitali vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa katika kipimo cha kati, na majengo ya kale yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyapita yale ya kisasa. Mzee wa Wodi hajakosea kuyakumbuka madirisha marefu.

Kwa baridi ya kwenu, nashauri msitegemee dirisha ambalo mtu anaweza kulifunga. Toboeni matundu ya kudumu juu ya ukuta karibu na dari, pande mbili zinazotazamana, kwa matofali ya matundu yasiyo na kioo. Baridi haitampiga moja kwa moja aliyeketi chini. Kwa wanaokohoa, jengeni banda la kusubiria nje, lenye paa la bati na kuta za kufika kifuani upande wa upepo, na kuwe na mablanketi ya kuwapa wazee. Ndani ya chumba cha daktari, panga viti ili hewa safi imfikie mhudumu kwanza, impitie mgonjwa, kisha itoke. Mara nyingi inatosha kuzigeuza meza na viti, na gharama yake ni nguvu za watu wawili. Hilo jiko la mkaa litolewe leo hii. Katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na huua watu kabla kifua kikuu hakijapata nafasi.

Maabara, Iringa

Naongeza machache kutoka upande wetu. Kohozi likusanywe nje, mahali pa wazi palipo mbali na foleni, na mhudumu anayemwelekeza mgonjwa asimame upande upepo unakotoka. Vituo vingine humwelekeza mgonjwa akakohoe chooni ili apate faragha. Choo ndicho chumba kidogo kuliko vyote, na atakayeingia baada yake ataivuta hewa ile ile. Anayeagiza vipimo ahimize pia kipimo cha GeneXpert tangu mwanzo, kwa kuwa hutoa jibu la bakteria pamoja na usugu wa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, kwa takriban saa mbili, na kila siku inayookolewa hapo ni siku ya hewa chafu iliyopunguzwa.

Pia zichunguzeni barakoa zenyewe kabla ya kuzigawa. N95 iliyoidhinishwa na taasisi ya NIOSH ya Marekani huwa na jina hilo lililoandikwa bila makosa ya herufi, namba ya idhini inayoanza na TC-84A, na mikanda miwili ya kuzungushwa kichwani. Ukiona yenye kamba za masikioni na imeandikwa N95, itilie shaka. Zile za KN95 za China huja mara nyingi na kamba za masikioni, na hata kama chujio lake ni zuri, kamba hizo hazibani kama mikanda ya kichwani. FFP2 za Ulaya hutakiwa kuchuja angalau asilimia 94, kwa hiyo msizikatae kwa sababu tu hazikuandikwa 95.

Muuguzi wa Milimani

Nawashukuru sana nyote, na wewe mzee wangu shikamoo. Jiko limeshatolewa, na mganga mfawidhi amekubali tuanze na mtu wa mlangoni na banda la nje. Nimebaki na maswali mawili. Barakoa zetu zote ni za ukubwa mmoja, na kwangu mimi mwenye uso mwembamba miwani hujaa ukungu kila nikipumua. Je, hiyo ni dalili ya kuvuja? Tena, tukisema kwamba hazitoshi, tunajibiwa kuwa anayetaka nyingine ajinunulie mwenyewe. Hilo ni sahihi?

Afisa Usalama Kazini

Si sahihi, dada. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa kinga vinavyofaa kwa hatari ya kazi yake, na zahanati au hospitali ni mahali pa kazi kama kilivyo kiwanda. Andikeni mahitaji kwa maandishi kupitia kamati yenu ya kukinga na kudhibiti maambukizi, mkitaja idadi ya wahudumu wanaokutana na wagonjwa, siku za kazi na ukubwa wa barakoa unaohitajika, kwa sababu oda nyingi hupigwa kwa kuangalia idadi ya wagonjwa waliosajiliwa, na mtu wa usafi, dereva wa gari la wagonjwa na mpokea wagonjwa husahaulika. Tunzeni pia kumbukumbu ya uchunguzi wa kifua kikuu wa kila mhudumu tangu anapoajiriwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi, na bila kumbukumbu hizo ni vigumu kuonyesha kwamba ugonjwa ulitoka wodini na si mtaani.

Mdhibiti Maambukizi, Mbeya

Ndiyo sista, ukungu kwenye miwani maana yake ni kwamba hewa inatokea juu, kandokando ya pua, na inapotokea ndipo itakapoingilia. Bonyeza utepe wa puani kwa vidole viwili vya mikono yote, kuanzia katikati kwenda pembeni. Usiubane kwa mkono mmoja, kwa kuwa hutengeneza kona. Mkanda wa juu ukae utosini na wa chini ukae shingoni chini ya masikio. Wenye nywele zilizosukwa kwa wingi wajue kwamba mkanda wa juu hupenda kuteleza, na kilemba au ushungi usipite kati ya barakoa na ngozi. Halafu, kila unapoivaa, ifunike kwa viganja viwili na upumue kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni au mashavuni, irekebishe kabla ya kuingia. Ukivuta pumzi, inatakiwa kunywea kidogo kuelekea usoni.

Hayo ni ya kila siku. Kipimo chenyewe cha kujua kama aina fulani ya barakoa inakufaa hufanywa angalau mara moja kwa mwaka, na tena ukinenepa au kukonda sana au uking'olewa meno. Unavalishwa kifuniko kama mfuko kichwani, unapuliziwa ukungu wa dawa tamu ya sakarini au dawa chungu ya Bitrex, kwanza bila barakoa ili ijulikane kwamba unaihisi, kisha ukiwa umeivaa. Unapumua kawaida, unapumua kwa kina, unageuza kichwa kushoto na kulia, unakiinua na kukiinamisha, unasoma kwa sauti, unainama. Ukisikia utamu au uchungu wakati wowote, barakoa hiyo si yako na ujaribu aina au ukubwa mwingine. Vifaa vyake vinabebeka kwenye begi, kwa hiyo mwombe mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya aulize hospitali ya rufaa iliyo karibu kama mtaalamu anaweza kupita kwenu na kuwapima wote kwa siku moja, badala ya nyinyi kusafiri.

Huyo tabibu naye apimwe siku hiyo hiyo mbele ya wenzake, na nina hakika ladha ya Bitrex itamweleza vizuri kuliko mimi. Ndevu zinazopita chini ya ukingo wa barakoa, hata zilizoota kwa siku mbili tu, zinaachia nafasi za hewa kuingia. Akiwa na sababu ya dini ya kutonyoa, apangiwe zamu zisizo za wagonjwa wa kifua kikuu, au itafutwe ile mashine yenye feni inayosukuma hewa iliyochujwa kwenye kofia iliyolegea, ingawa kwa kituo cha afya gharama yake ni kubwa na betri zake zinahitaji umeme wa uhakika. Masharubu yanayobaki ndani bila kugusa ukingo hayana shida. Hayo anaweza kuyaacha.